Lita Zinazofika Juu

Kwenye kliniki ya macho walimwita Bi Chumvi, na sababu zote mbili alizijua. Ya kwanza waliisema mbele yake: mikono ya gauni lake la kazi haikukosa mistari myeupe ya maji ya chumvi yaliyokauka. Ya pili waliisema akishatoka, kwamba mwanamke yule akikujibu, unahisi kama kidonda kimemwagiwa kitu.

Alikuwa na miaka hamsini na mbili, mfupi, mabega mapana ya mbeba ndoo. Kila Jumanne na Ijumaa alikuja kuhudumia tangi la kioo lililojaza ukuta mmoja wa ukumbi wa kungojea: lita mia nane za maji ya chumvi, samaki kumi na wanne, na matumbawe hai ambayo wageni waliyadhani ni mawe yaliyopakwa rangi. Tangi lile alilijenga mumewe. Kabla ya kuolewa Bi Chumvi alikuwa akiuza rangi za nyumba dukani. Kazi ya samaki aliianza kwa kumshikia mume tochi na kumbebea ndoo, na miaka kumi baadaye yeye ndiye aliyekuwa akimwonyesha mume wapi amekosea. Mume hakununa. Alicheka tu, akasema, "Haya, leo mimi ndiye nitashika tochi." Alipofariki kwa ugonjwa wa figo, mke aliendelea na wateja wote watano, hakumpoteza hata mmoja.

Aliyenuna ni mdogo wa mume. Huyo watu walimwita Injinia, ingawa chuo cha uinjinia alikifahamu kwa kupita nje ya geti lake tu. Alifunga pampu za kupandisha maji kwenye matangi ya juu ya majengo, na kwa kazi hiyo, tuseme ukweli, alikuwa fundi. Msiba haujapoa, alimwambia shemeji yake mbele ya ndugu wote, "Kazi ya kaka itabaki kwetu."

"Kwenu nani?" Bi Chumvi akauliza. "Wewe hujui hata samaki anapumulia wapi."

Tangu siku hiyo hawakupikika chungu kimoja. Waliitana shemeji kama desturi inavyotaka, lakini neno lilitoka mdomoni kama mate ya kutemwa.

Vita vyao vingebaki vya mbali kama si malalamiko ya wagonjwa. Wengi waliokaa ukumbini pale walikuwa wametoka kupasuliwa, macho yamefungwa bandeji. Samaki hawakuwaona, ila masikio yao yalikuwa kazini. Chini ya tangi, ndani ya kabati, palikuwa na tangi la pili, dogo, ambamo maji yalishukia kuchujwa, na pampu ya kuyarudisha juu. Kabati lile lilivuma na kugugumia kutwa nzima. Mzee mmoja alimwambia Daktari kwamba amekaa saa mbili gizani akisikia kama mtu anazama pembeni yake.

Daktari, mwenye kliniki, akaamua tangi la chini lihamishiwe stoo, ghorofa ya chini, chini ya ukumbi wenyewe. Bi Chumvi aliona ni wazo zuri. Tatizo ni pampu. Ile ya zamani ilikuwa ya kuyapandisha maji mita moja na ushee, kutoka kabatini hadi mdomo wa tangi. Kutoka stoo isingeweza. Na kazi ya kutafuta pampu mpya, Daktari, bila kumuuliza mtu, alimpa Injinia, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akihudumia pampu ya tangi la paani hapo hapo kliniki.

"Mtafanya wote wawili," Daktari akasema. "Si ni watu wa familia moja?"

Akarudi kwa wagonjwa wake.

Injinia alikuja kesho yake na boksi begani, akalitua juu ya meza ya mapokezi kama mtu aliyeua simba. "Tangi ni lita mia nane," akatangaza. "Mzunguko mara kumi kwa saa, lita elfu nane. Someni wenyewe, imeandikwa hapa. Elfu nane."

Bi Chumvi hakulitazama boksi kwa mbele. Aliligeuza, akatafuta ule mchoro mdogo wa mstari unaoshuka, unaoonyesha maji yanavyopungua kadri yanavyopandishwa juu, akaweka ukucha juu yake.

"Elfu nane ni pampu ikiwa imelala sakafuni, haipandishi maji popote," akasema. "Pampu hii mwisho wake ni mita nne. Hapo haitoi hata tone. Mimi nimepima, shemeji. Kutoka uso wa maji ya stoo hadi mdomo wa tangi ni mita tatu na sentimita arobaini. Weka na elbo zako nne, hizo kona za bomba, kila moja inakula nguvu. Kitakachofika juu ni mkojo wa paka."

Msichana wa mapokezi akaangua kicheko, akakimeza upesi.

"Na hata ingefika," Bi Chumvi akaendelea, maana akishaanza hakuwa mtu wa kuishia njiani, "bomba la kushushia maji lina mwisho wake. Nililipima kwa ndoo na saa. Likipitisha lita elfu nne na mia tano kwa saa, limechoka. Ukiyasukuma zaidi ya hapo, maji yatapata wapi pa kwenda? Tangi hili linataka elfu tatu na kidogo. Mara nne kwa saa, basi. Mawimbi ya matumbawe yanatengenezwa na zile feni ndogo mle ndani, si kazi ya pampu hii. Nataka lita elfu tatu zinazofika juu. Elfu nane zako za kwenye boksi kazitundike sebuleni kwako."

Injinia akalivuta boksi upande wake. "Miaka ishirini nafunga pampu kwenye majengo ya ghorofa nane. Leo nifundishwe na muuza rangi?"

"Ufundishwe na nani basi? Waliokuwa tayari kukufundisha uliwapitia nje ya geti."

Daktari akatoka chumbani kwake, kioo cha kuchunguzia macho bado kimemkaa kwenye paji la uso. Akasikiliza nusu dakika, akachoka. "Bi Chumvi, wewe shughulika na samaki. Mabomba mwachie mwenye mabomba."

Pampu ikafungwa. Maji yalifika juu, kweli, yakadondoka kwenye kona ya tangi kama bomba la mvua lililoziba. Bi Chumvi alichukua ndoo ya lita ishirini, akaiweka pale maji yanapotoka, akampa Daktari simu yake ahesabu muda mwenyewe. Dakika moja na nusu.

"Hiyo ni lita mia nane kwa saa," akasema. "Elfu nane ya shemeji imeacha sifuri moja njiani."

Akaisema kwa sauti ya kusikika hadi chumba cha dawa. Angeweza kumwambia Daktari pembeni, faraghani. Hakutaka faragha.

Injinia aliing'oa pampu. Walipokutana kwenye ngazi, yeye akishuka na boksi, Bi Chumvi akipanda na ndoo, alisimama katikati, akamzibia njia. Akasema polepole, kama mtu aliyeliandaa neno lake siku nyingi: "Unajua kaka alikufa na nini? Watu wanasema figo. Kaka alikufa kwa kugeuzwa mtumishi wa mke. Hospitali alikuwa anakwenda akishamaliza kukubebea ndoo zako."

Bi Chumvi akajipenyeza pembeni yake, akaendelea kupanda na ndoo. Mume kweli alichelewa kwenda kupimwa, na wiki ile aliyochelewa walikuwa wakihamisha tangi la mteja. Neno lile likamkaa kooni kama mwiba wa samaki, hakuweza kulimeza wala kulitema.

Jumanne Injinia alirudi na dude. Lilikuwa pampu nene, nzito, boksi lake limeandikwa elfu kumi na tano. Bi Chumvi alilitazama mara moja tu. Mwisho wake ulikuwa mita tisa. Kwa mita tatu na nusu, pamoja na elbo, lingepandisha kama lita elfu tisa. Bomba la kushushia linabeba nusu ya hizo. Hesabu aliifanya kichwani kabla Injinia hajamaliza kufungua kamba ya boksi. Chini ya dakika moja, na maji yangevuka ukingo wa kioo.

Aliijua hesabu hiyo, na akanyamaza.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Ukumbini walikaa wagonjwa sita, wanne wamefungwa macho. Karibu kabisa na tangi alikaa mshonaji mmoja mstaafu wanayemwita Mama Cherehani, mwenye bandeji macho yote mawili, anayependa kuulizia samaki. "Yule wa manjano amekwisha kula, mwanangu?" alikuwa ameuliza asubuhi hiyo, na Bi Chumvi alimweleza. Daktari naye alikuwepo, mikono mfukoni, amekuja kushuhudia dude likifanya kazi.

Swichi ilifungwa juu, ukutani, kando ya tangi. Injinia alikuwa stoo na pampu yake. Sauti yake ikapanda ngazi: "Shemeji! Washa!"

Angesema, "Subiri kwanza." Angesema, "Tuwatoe wagonjwa." Hata kama wangembishia, angekuwa amesema. Lakini Bi Chumvi alikuwa akiona kitu kimoja tu: maji kidogo sakafuni, kiasi cha kulowesha viatu vya Daktari, na Injinia akipanda ngazi kuja kuaibika. Akawasha. Kisha akakunja mikono.

Maji yalikuja kwa kishindo. Uso wa tangi ukapanda kama maziwa jikoni, ukameza ukingo, ukamwagika kwa urefu wote wa kioo. Daktari akaruka nyuma. "Nini hii? Nini hii?" Matumbawe yakapotea ndani ya mapovu. Na Bi Chumvi, swichi iko usawa wa bega lake, alisimama akitazama. Baadaye alijiambia ni sekunde tano. Haikuwa tano.

Wagonjwa walisikia maporomoko na kuhisi baridi miguuni, wasione ni nini. Mmoja akapiga kelele kuwa jengo linavunjika. Mama Cherehani akainuka, akapapasa hewa, akapiga hatua mbili kwenye vigae vilivyolowa, na miguu ikamtoka. Alianguka juu ya mkono wake wa kulia. Mlio wake ndio uliomzindua Bi Chumvi, akazima.

Kama ndoo nne na nusu zilikuwa sakafuni. Chini stoo tangi lilikuwa limekauka na pampu inanguruma kwa kunyonya hewa.

Injinia alipanda ngazi mbili mbili. Daktari hakumpa hata nafasi ya kuvuta pumzi. Alimtukana mbele ya wagonjwa, mbele ya msichana wa mapokezi, mbele ya mtu wa usafi, akamwambia abebe dude lake atoke na asiliguse tena tangi lile maisha yake yote. Injinia hakujitetea. Alikuwa amemkazia macho shemeji yake.

"Ulijua," akasema. "Wewe na hesabu zako, ulijua. Nimekukuta umekunja mikono."

"Fanya haraka, uondoke," Bi Chumvi akasema. "Unakanyaga maji."

Jioni mama mkwe alimpigia simu. Bi Chumvi alimwamkia kwa heshima, naye hakuitikia. "Umemla mwanangu wa kwanza," alisema yule mama, "sasa umemgeukia wa pili. Wewe ni mwanamke au ni kutu?" Simu ikakatwa.

Kazi ya pampu sasa ikawa yake peke yake. Kwa siku tatu alilirudisha tangi la chini kabatini pamoja na pampu ya zamani, samaki wapone kwanza, kisha akaanza upya. Bomba la kupandishia la inchi moja alilitupa, akaweka la inchi moja na nusu, ili maji yasigombane na kuta zake. Elbo nne akazipunguza zikawa mbili. Dukani muuzaji alimletea maboksi akimsomea namba kubwa za mbele, naye akawa anayageuza moja moja, anafuata mstari unaoshuka, hadi mita tatu na nusu, anasoma, anarudisha. Aliyoichagua ilikuwa ya lita elfu sita na mia tano, mwisho wake mita saba. Haikuwa na umbo la kumtisha mtu. Pale juu ndoo ya lita ishirini ilijaa kwa sekunde ishirini na mbili, mara nyingine ishirini na tatu. Elfu tatu na mia mbili.

Akazima umeme makusudi, aone maji ya juu yakirudi nyuma yatajaa wapi. Tangi la stoo likayapokea, likabakiwa na nafasi ya vidole vinne. Bado hakuridhika. Akatoboa kitundu kwenye bomba, chini kidogo ya uso wa maji, ili siku umeme ukikatika bomba linyonye hewa mapema na kuacha kuvuta. Wagonjwa wa Ijumaa walikaa ukumbini kimya kabisa. Daktari akampigia makofi matatu. "Ningekusikiliza tangu mwanzo," akasema.

Makofi yale yalimchoma kuliko matusi ya mama mkwe.

Jumapili alikwenda kwa Mama Cherehani. Alikuwa na chumba na sebule nyuma ya duka la vitambaa. Bandeji za macho zilikwishatolewa, na mkono wa kulia ulikuwa ndani ya plasta hadi kiwiko. Cherehani ilikuwa dirishani, imefunikwa shuka. Bibi yule alimtambua kwa sauti, akafurahi, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Kumbe u mfupi hivi! Karibu, mwanangu. Yule wa manjano hajambo?"

Bi Chumvi hakukaa. "Mama, nimekuja kukwambia jambo. Ile pampu nilijua itamwaga maji. Nilijua kabla sijaiwasha. Nilitaka shemeji yangu aaibike."

Mama Cherehani akauvuta mkono wa plasta kifuani. "Ulijua, na mimi nimekaa pale?"

"Ndiyo."

"Asubuhi ile ulinieleza samaki. Ukaniona nimefungwa macho kama mbuzi wa kuchinjwa. Ukawasha."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Nimestaafu kushonea watu, sijastaafu kushona. Mkono huu daktari wa mifupa anasema hautashika sindano tena kama zamani." Hakupaza sauti. "Unataka nikusamehe ili ulale vizuri. Usilale. Na usiniite mama. Toka kwangu."

"Kama kuna chochote cha kukusaidia..."

"Nimesema toka!"

Akatoka. Mlango ulifungwa, komeo likapita.

Jumanne alimwambia Daktari maneno yale yale, amesimama, bila kutia wala kupunguza. Daktari alisikiliza safari hii hadi mwisho. Kisha akasema, "Ningekufukuza leo hii. Lakini ukitoka wewe, tangi lile litakufa ndani ya wiki mbili, na ninalijua hilo kama unavyolijua wewe." Akarudi kwenye makaratasi yake. Tangu hapo hakumsalimia. Msichana wa mapokezi naye akaacha kucheka utani wake, na Bi Chumvi hakumlaumu. Alikuja, akafanya kazi, akaondoka. Pembeni ya swichi alibandika karatasi: isiwashwe wala kuzimwa wagonjwa wakiwa ukumbini.

Injinia hawakumrudisha kwenye tangi, lakini pampu ya paani ilibaki yake, akawa anakuja Alhamisi ili wasikutane. Ijumaa moja mchana alitokea. Ukumbi ulikuwa mtupu, watu wamekwenda kula. Bi Chumvi alikuwa akisugua kioo.

"Nimesikia umewaambia," akasema Injinia.

"Nimewaambia."

"Unadhani nitakushukuru."

"Sitaki kitu kutoka kwako."

Alisogea hadi kwenye tangi, akalitazama kama anayetafuta ufa. "Pampu yako inafikisha ngapi?"

"Elfu tatu na mia mbili."

"Uongo."

Akachukua ndoo bila kuomba, akageuza mdomo wa bomba, akaweka simu yake juu ya kiti. Ishirini na mbili. Akamwaga ndani ya tangi, akapima tena. Ishirini na tatu. Mara ya tatu alipima ameinama, paji la uso karibu liguse maji, akihesabu kwa midomo pamoja na simu. Ishirini na mbili.

Aliirudisha ndoo kwa kuibwaga, maji yakaruka sakafuni. Akaokota simu, akaupita mlango bila kuufunga. Bi Chumvi alisubiri hadi nyayo zake zilipokwisha kwenye ngazi. Kisha akaenda kuleta tambara, akapiga magoti, akaanza kukausha vigae kabla wagonjwa wa mchana hawajaingia.